Visu Kumi na Sita vya Nelima

Jumamosi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Nelima alifungua karakana yake mtaani Silanga akaikuta trekta imesimama pale pale alipoiacha, ila haina visu. Kufuli lilikuwa zima. Mabati hayakuwa yameguswa. Injini, giaboksi, hata petroli ndani ya tangi, vyote vilikuwepo. Mhimili wa kulimia tu ndio uliobaki mtupu, na nati kumi na sita zilikuwa zimetapakaa sakafuni.

Hakupiga kelele. Alikaa juu ya tairi kuukuu, akatoa simu akawaita polisi.

Trekta yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa ya magurudumu mawili, ambayo mwendeshaji hutembea nyuma yake akiishika mikono kama mkokoteni. Nelima aliinunua ikiwa chuma chakavu, akaitia injini ya pampu ya maji na kuipunguza upana ili ipite vichochoroni. Visu alivichonga mwenyewe kutoka springi za lori, kimoja kimoja, na kazi yote ya mashine ikamchukua miezi mitano katika karakana aliyoiunga nyuma ya chumba anacholala.

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho. Kule Kawangware, mwenye ardhi aitwaye Muigai alikuwa amekubali kuwapa wanawake ishirini na wawili wa kikundi cha Nelima robo ekari walime mboga kwa miaka mitatu. Magari yalikuwa yameegeshwa hapo miaka saba na udongo ukawa mgumu kama lami. Muigai aliweka sharti moja tu: shamba liwe limelimwa kufikia Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. La sivyo, angempa mpwa wake ajenge pa kuoshea magari.

Koplo Nzilani alifika saa moja kasoro dakika kumi. Alikuwa mwanamke mfupi, asiye na haraka, na kabla ya kuuliza lolote alichuchumaa chini ya trekta akatazama.

Aliona mambo matatu, akayaandika. Nati zilikuwa zimetafunwa pembe, kama zilizofunguliwa kwa koleo, ilhali spana ya saizi yake ilikuwa imening'inia ukutani hatua moja tu kutoka hapo. Chini ya mhimili kulikuwa na rundo dogo la udongo mweusi wa bwawani, na kando yake kijiti bapa. Na ukutani, upande wa mlango, majembe kumi na manne yalikuwa yametundikwa kwa mpangilio, makali yake yakimetameta.

"Haya majembe ni yako?"

Nelima alieleza kwamba ni ya Mzee Shiundu na vijana wake, wanaolimia watu mashamba ya kando ya bwawa. Kwao, mtaani Soweto West, hakuna nafasi, kwa hiyo huyahifadhi hapa. Ufunguo mzee anao. Mwingine mwenye ufunguo ni Vincent, fundi wa kuchomelea, ambaye huacha drili yake humo. Ijumaa Nelima aliijaribu trekta kando ya bwawa, akairudisha saa kumi na moja jioni ikiwa imejaa tope, akaenda mazoezi ya kwaya. Alirudi saa mbili, akalala bila kufungua karakana.

"Basi ni kati ya saa kumi na moja na saa mbili," Nzilani akasema. "Baada ya hapo ungesikia."

Mercyline, muuza makaa wa ng'ambo ya kichochoro, alikuwa ameona. Saa kumi na mbili na nusu Vincent alitoka na mfuko mzito, hata hakusalimia. Nzilani alimuuliza nani mwingine aliingia. Hakuna, Mercyline akajibu, ila Mzee Shiundu na gunia lake la majembe, na huyo si mtu wa kuhesabu kwa kuwa huingia kila siku.

Nelima hakuwa na haja ya kusikia zaidi. Mwezi uliopita Vincent alitaka yeye ndiye achonge visu hivyo, akakataliwa. Walimkuta mtaa wa Ayany, akipaka geti rangi.

"Afande, mimi nikitaka visu nachonga," alisema bila kuacha brashi. "Niibe za huyu? Ziko slow, kuzinoa kunachukua muda, nilimwambia."

"Mfukoni kulikuwa na nini?"

"Drili. Na hii geti nimeifunga jana mpaka saa tatu usiku. Uliza mwenye nyumba."

Mwenye nyumba alikubali kwamba ni kweli. Nzilani akaiomba drili, akaipima mkononi, kisha akaomba kuona spana za Vincent. Zilikuwa zimefungwa ndani ya kitambaa, kila moja mahali pake.

Njiani Nelima alisema kwamba mtu anaweza kudanganya. Nzilani akamjibu kwamba mtu anaweza, lakini fundi hawezi kutafuna nati kwa koleo wakati spana inamtazama.

Saa mbili na dakika ishirini walikuwa Kawangware. Muigai aliwapokea langoni, mikono nyuma. Ndiyo, mpwa wake anaitaka ardhi. Hapana, yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga Silanga, na Ijumaa jioni alikuwa kwenye mkutano wa kanisa, mwenyekiti ni yeye.

"Mimi nilisema Jumamosi, saa kumi na mbili," alimwambia Nelima. "Sijasema zaidi na sijasema chini. Ukilima, utapata."

Nelima alitazama lile shamba gumu nyuma ya Muigai. Visu vipya kumi na sita vingemchukua wiki. Alimuuliza koplo kama sasa amekwama.

"Hapana. Waite wenye funguo wote wawili karakana, saa tatu na nusu. Kuna kisu chochote kilichobaki?"

Kilikuwepo kimoja, kilichopinda siku ya majaribio akakibadilisha. Kilikuwa chini ya meza, bado kimeshikwa na tope.

Walipokusanyika, Nzilani alimpa Vincent kile kisu akamwomba aseme kimetengenezwaje. Vincent alikigeuza, akaweka kidole kwenye tundu la bolti, akasema tundu limekaa karibu mno na ukingo, akakirudisha. Vidole vyake vilichafuka, akavifuta kwenye suruali.

Kisha akampa Mzee Shiundu. Mzee alikuwa mrefu, mkimya, na tangu afike alikuwa amempa Nelima pole mara tatu. Nzilani akamuuliza habari za kazi: vijana wangapi, mashamba gani, msimu huu ukoje. Mzee alijibu polepole. Vijana kumi na wanne. Mashamba yamepungua. Hata shamba la Kawangware, kikundi cha Nelima kiliwauliza wao kwanza, wakaomba wiki mbili, wakaambiwa ni nyingi.

"Mzee," Nzilani akasema, "unafanya nini?"

Shiundu akatazama chini. Alikuwa ameshika kijiti. Udongo ulikuwa umelala mbele ya viatu vyake katika rundo moja, na kisu kilikuwa safi.

Nelima alitazama rundo lile, kisha lile lingine chini ya mhimili, kisha majembe ukutani.

"Nilijiuliza asubuhi, ni mwizi gani anayesafisha kitu kabla ya kukiiba," Nzilani akasema. "Fundi husafisha kwa dizeli, au hasafishi kabisa. Mwizi wa chuma chakavu hana muda. Huyu, kama mtu wa majembe, hakuweza kutia guniani chuma chenye tope. Viko wapi?"

"Kwangu. Chini ya kitanda." Mzee alidondosha kijiti. "Nimevipaka mafuta. Sikutaka vishike kutu."

"Mzee, kwa nini?" Nelima akauliza. "Mimi si mtu wa kwenu?"

"Ni mtu wa kwetu. Ndiyo maana sikuvunja chochote. Nilitaka Jumamosi ipite tu, basi nivirudishe." Aliweka kisu chini taratibu. "Wewe ulihesabu wanawake wako ishirini na wawili. Sisi nani alituhesabu? Mashine yako italima kwa siku moja kazi yetu ya wiki mbili. Vijana wale hunisubiri hapa kila asubuhi."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini, msichana wangu? Ulikuwa na furaha."

Nelima akachukua spana ukutani.

"Hasira yangu utaipata baadaye," alisema. "Sasa nipe visu vyangu."

Saa nne na dakika hamsini gunia lilikuwa karakana. Vincent, bila kuombwa, alilala chini ya mhimili akafunga upande wa kulia huku Nelima akifunga wa kushoto, kwa nati mpya, kwani zile za zamani hazikufaa tena. Saa saba kasoro robo pikapu iliishusha trekta Kawangware. Nelima aliiwasha kwa mvuto wa tatu wa kamba. Visu viliuma ardhi, vikaruka, vikauma tena, na mstari wa kwanza wa udongo ukageuka.

Kufikia saa tisa aliona jambo ambalo hakuwa amelifikiria alipokuwa akichomelea. Mashine haikuweza kukaribia ukuta. Pande zote nne palibaki hatua mbili ngumu, na haikuweza kuinua matuta. Alizima injini, akawapigia simu vijana wa Mzee Shiundu, na Vincent akawafungulia karakana. Saa kumi vijana kumi na wanne waliingia na majembe, wakiwa hawajui habari za mzee wao.

Walimaliza saa kumi na moja na dakika arobaini. Muigai alitembea katikati ya shamba, viatu vyake vikazama, akachimba kwa kidole hadi kifundo. Kisha akatoa ufunguo wa bomba mfukoni akampa Nelima.

Nzilani alikuwa langoni na Shiundu, kwenye gari la polisi. Alikuwa amesema wazi kwamba kilichoandikwa kituoni hakifutwi, na mzee alikuwa ameomba tu asubiri jibu la Muigai. Ndipo vijana wakamwona, wakaacha kuzungumza.

Nelima aliwaeleza yote pale pale, bila kupunguza. Halafu akasema kwamba yeye pia ana kosa, maana alitengeneza mashine miezi mitano mbele ya majembe yao asiulize wenye majembe watakula wapi.

"Matuta haya yatahitaji mikono kila wiki kwa miaka mitatu," alisema. "Kazi ni yenu, kama mnaitaka. Na Jumatatu nitakwenda kituoni kumsemea mzee. Leo siwezi, bado nina uchungu."

Dirisha la gari lilikuwa wazi. Shiundu alikuwa amesikia. Aliinamisha kichwa, akauweka mkono wake mkubwa usoni, na koplo akangoja kidogo kabla ya kumwambia dereva aondoke.