Besi Iliyokula Sauti

Mlango wa jikoni katika nyumba ya Fundi Miwani ulikuwa na bawaba zenye kelele. Tangu wahamie hapo ulilia kila ulipofunguliwa, na mkewe alikuwa amelalamika mpaka akachoka. Asubuhi moja alipita na birika mkononi, akasimama, akaurudisha mlango, akaufungua tena. Kimya.

"Ahsante, Baba Chiriku," alisema. "Hatimaye umeutia mafuta."

Mumewe aliinua uso kutoka kwenye chai. "Sijautia kitu."

"Basi umejitia wenyewe," mkewe akacheka, na yakaishia hapo.

Chiriku lilikuwa jina la utani la binti yao wa pekee, mtoto aliyeongea tangu anapofumbua macho hadi usingizi unapomkatiza katikati ya neno. Baba yake alikuwa fundi wa kusaga vioo vya miwani, mtu mpole dukani, lakini upole huo ulikwisha palipotajwa magitaa ya besi.

Walikuwa wanne, wote wapigaji wa kujifurahisha: yeye, seremala, muuguzi wa hospitali na muuza matairi waliyemwita Mizani. Jumamosi alasiri walikutana katika stoo ya Mizani, wakachomeka magitaa yao kwenye spika moja na kuyalinganisha. Waliuziana, wakabadilishana, wakajuta, wakauziana tena. Hakuna aliyejua wimbo mmoja mpaka mwisho, ila kila mmoja alijua kasoro zote za gitaa la mwenzake. Mizani alipata jina lake kwa tabia ya kulipakata gitaa la mtu, kulipima uzito kwa mkono, kisha kutoa hukumu ya neno moja: "Kuni."

Besi mpya ya Fundi ilitoka mji mwingine. Aliiona kwenye matangazo ya simu, akaifuata. Muuzaji alimfungulia mlango bila salamu, akamwandikia kila kitu kwenye kioo cha simu yake. Nyuma ya muuzaji huyo, mke wake na kijana wao walikuwa wamekaa mbele ya televisheni iliyowaka picha bila sauti. Fundi alijisemea, koo linamsumbua, maskini, na hakuuliza. Gitaa lilikuwa jeusi, shingo imelainika kwa mikono ya watu wengi. Alipolishika lilikuwa na joto, kama kiti alichoinuka mtu sasa hivi.

Jumamosi iliyofuata, zamu yake ilipofika, aliugusa uzi mnene kabisa mara moja tu. Matairi yaliyopangwa ukutani yalitetemeka. Seremala alifumba macho, na muuguzi akaweka kiganja kifuani kama anayetafuta mapigo yake mwenyewe. Mizani alilipokea, akalipima kwa mkono, akakaa nalo muda mrefu. Hakusema "kuni."

"Bahati imemwangukia asiyejua kuitumia," alisema. "Chagua langu lolote, tubadilishane."

"Hata ukiniongezea stoo na matairi yake," Fundi alijibu, na wenzao wakacheka. Mizani hakucheka. Tangu siku hiyo, kila walipokutana barabarani hakumwamkia, aliuliza tu, "Hujaliuza?"

Fundi hakujali. Kilichomkera ni kitu kingine. Alipopiga peke yake chumbani, chini kabisa ya sauti ile nene alisikia kitu chembamba kikilia, na ilimchukua muda kukitambua. Kilikuwa mlio wa mlango wa jikoni.

Baada ya mlango, bomba lililokuwa likidondosha maji liliendelea kudondosha, lakini bila tone kusikika. Kisha mkewe aliangusha sufuria sakafuni, ikatua kama imeangukia godoro. Kisha miguu ya Chiriku: mtoto alikimbia ukumbini na hawakusikia hatua zake mpaka alipowakumba kwa nyuma. Chumba cha gitaa kilianza kunuka shaba iliyoshikwa na jasho, na harufu hiyo haikutoka hata madirisha yalipofunguliwa kutwa.

"Baba Chiriku," mkewe alimnong'oneza jioni moja, "nyumba hii inanyamaza."

"Unawaza sana."

"Gonga meza."

Aligonga. Vidole vilimuuma, meza haikutoa mlio. Wakatazamana. Hata hivyo kesho yake alirudi chumbani na kupiga, kwa sababu kila siku sauti ya gitaa ilizidi kunona, na alikuwa ameshazoea kusifiwa.

Halafu Chiriku akaamka, akafungua kinywa, pasitoke kitu. Daktari alimulika koo lake na kusema ni safi. Mtoto alilia machozi yakamlowesha kifua, kinywa wazi, mishipa ya shingo imemtoka, na katika mikono ya mama yake hapakusikika hata kwikwi. Fundi aliingia chumbani, akaugusa uzi mnene kwa kidole kimoja, na ndani ya ule mngurumo, chini ya mlango na bomba na sufuria na vishindo vya miguu midogo, mbali kama mtu aliye ndani ya kisima kilichofunikwa, alimsikia binti yake akisema, "Baba, hapa giza."

Aliondoka saa ile ile kumfuata aliyemuuzia. Mtu yule alimfungulia, akamtambua, akaandika kabla hajaulizwa: *Sauti zetu sote zimo humo. Nilidhani nikiliuza, litazirudisha. Halikurudisha.*

"Kwa nini hukuniambia?"

Mwenye nyumba alimtazama bila haya. Akaandika: *Ungelinunua?*

Fundi alilala njiani na kufika kwake kesho yake alasiri. Mlangoni aliwakuta mkewe na shangazi wa mkewe, mwanamke mfupi aliyejulikana kwa kuwatibu watu waliokaliwa na majini. Gitaa halikuwapo.

"Mizani alikuja jana," mkewe alisema. "Akauliza kama linauzwa. Nimempa bure, nikamwambia asirudi."

Fundi aliketi kizingitini. Alipowaeleza aliyoyasoma, mkewe alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Jini wa namna hii hukaa penye sifa," shangazi alisema taratibu. "Mnamshindanisha na wengine, mnamsifu, yeye anashiba. Hutoka pale tu mwenye chombo anapozilegeza nyuzi kwa mkono wake mwenyewe, kwa hiari. Na mwenye chombo sasa si wewe, mwanangu. Twende."

Mkewe alibaki na mtoto. Mizani alikaa nyuma ya stoo yake pamoja na mama yake, mzee aliyezaliwa kipofu, aliyemjua kila mteja kwa mwendo wa viatu. Walipokaribia, changarawe iliacha kulia chini ya miguu yao. Walibisha, ngumi zao hazikutoa mlio. Mwishowe waliusukuma mlango, wakamkuta Mizani amewapa mgongo, amelikumbatia gitaa. Aligeuka, macho yamemvimba kwa kutolala.

"Nilijua utakuja," alisema. "Umeonja kulikosa, umejuta. Mkeo amenipa mwenyewe."

"Binti yangu yumo humo."

"Mwaka huu nimesikia visingizio vingi vya kurudishiwa gitaa. Hiki ni kipya."

"Mama yako yuko wapi?" shangazi aliuliza.

"Amelala. Tangu asubuhi hajaniita."

Shangazi alimpita, akafungua mlango wa pili. Mama alikuwa sakafuni kati ya kitanda na ukuta, kucha zimevunjika kwa kukwaruza chokaa, kinywa wazi, akiita. Alikuwa ameita tangu asubuhi, ukuta mmoja tu kutoka alipokaa mwanawe, na sauti yake haikuvuka meno; wala hakusikia fimbo yake, wala pumzi yake, wala kama dunia bado ipo, kwa sababu mtu asiyeona akinyimwa na mlio wa mambo hubaki hana hata pa kuweka mguu.

Mizani alipiga magoti. Alipomshika, mama alimrukia kwa hofu na kumparura uso, kwa maana hakujua aliyemshika ni nani.

Ndipo, katika chumba cha kwanza, spika aliyoileta kutoka stoo ikasema. Waya wake ulikuwa umelala sakafuni, haujachomekwa popote. Kila neno lilitoka kwa sauti ya mtu mwingine, mwanamke, kijana, mtoto, mzee: "Waondoe. Wewe ndiye unayeijua thamani yangu. Umepima kuni maisha yako yote."

"Usimjibu," shangazi alisema. "Legeza."

Mizani alilirudia gitaa, akalegeza uzi mwembamba. Bomba na sufuria na mlango wa jikoni vilipiga kelele chumbani kwa pamoja, kisha vikatoweka. Alilegeza wa pili, na sauti za watu wasiowajua zikapita dirishani kama ndege waliofunguliwa tundu. Alilegeza wa tatu, na miito yote ya mama yake tangu asubuhi ikatoka kwa mkupuo, "mwanangu njoo, mwanangu uko wapi, mwanangu," ikaanzia kwenye waya na kuishia kinywani mwake mwenyewe.

Ukabaki uzi mnene. Mizani aliutazama, akaondoa mkono.

"Mama amepona," alisema. "Huu ubaki."

Fundi alimrukia. Shangazi alimshika kwa nguvu ambayo hakumdhania nayo. "Ukiugusa wewe, anajifungia humo milele."

"Ndugu yangu," Fundi alisema, "nakuomba. Ni mtoto."

"Ungekuwa wewe ungeuachia? Ulicheka mbele ya watu nilipokuomba."

"Hapana atakayekupita," spika ilinong'ona, sasa kwa sauti moja tu, ile ya Chiriku. "Utawashinda wote."

Mama alikuwa ameinua kichwa. Alitambaa kuufuata mlio mpaka kichwa chake kikagusa ubao wa gitaa, akatega sikio.

"Kuna mtoto wa watu analia humu."

"Ni mlio wa gitaa, mama."

"Sijawahi kukuona uso hata siku moja. Nimekulea kwa kusikia. Mtoto akilia namjua."

Alipapasa akaupata mkono wa mwanawe, akauweka juu ya kikazio cha uzi, akaacha wake hapo bila kuusukuma. Mizani angeweza kuutoa. Alilia kwa hasira, kama mtu anayenyang'anywa, na akakizungusha.

Uzi ulilegea, taa ikafifia, harufu ya shaba ikawajaa vinywani hata wakatema mate, na kitu kizito kisichoonekana kikapita kati yao kwa utaratibu, bila haraka, kama mtu anayehama chumba na kwenda kingine katika nyumba aliyoizoea. Simu ya Fundi ikalia. Aliipokea, akamsikia mkewe akilia kwa furaha, na nyuma yake Chiriku akieleza jambo refu lisilo na nukta.

Gitaa lilichomwa uani jioni ile ile. Fundi alimshukuru mama. Mizani hakumtazama Fundi, na hawakupatana tena. Mikutano ya Jumamosi ikafa. Shangazi, alipoaga, alisita mlangoni.

"Kwenye chombo ametoka," alimwambia Mizani. "Lakini ulisema 'ubaki', naye amesikia. Alikokwenda sikuona."

Mizani aliuza magitaa yake yote, akawa anarudi mapema kukaa na mama yake. Siku moja walikuwa wanakula, wawili tu, mlango wamefunga. Mama alikiacha kijiko, akainamisha kichwa upande mmoja.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, ya adabu, kama asiyetaka kumuudhi mtu. "Mwambie mgeni wako asogee kidogo. Ananipumulia shavuni."