Pamba Kwenye Sili

Kila Jumamosi Milembe alifagia uwanja wa nyumba yao kule Ngulyati, na kila Jumamosi alikwama palepale, chini ya lori la baba. Oili ilidondoka usiku kucha, na kuku waliopita hapo walitoka na miguu myeusi. Bibi, ambaye ng'ombe wake kumi na wawili waliuzwa ili lori linunuliwe, hakuacha kulisema.

"Ng'ombe wangu hawakuvuja hivi," alisema Jumamosi moja asubuhi.

Masunga, baba yake Milembe, alicheka, lakini alikuwa na wasiwasi. Msimu huo wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kununua pamba vijijini, na mmoja wao, Kristofa, alitafuta lori la kupeleka pamba yake kiwandani. Angekuja kesho baada ya ibada. "Nikikuta tone la oili chini, natafuta lori lingine," alikuwa ameonya.

Basi baba akatandika gunia, akaingia chini ya lori na spana. Milembe, mwanafunzi wa darasa la sita, akaingia naye. Walimwaga oili iliyobaki kwenye debe. Kisha wakafungua propela, ile shafti ndefu inayozungusha magurudumu ya nyuma, wakaifikia sili, duara la mpira linalozuia oili isitoke. Ilikuwa imekauka na kupasuka. Baba akaing'oa, akagonga mpya taratibu kwa kipande cha ubao hadi ikakaa sawa.

"Mayu," alisema, kwa maana Milembe alikuwa na jina la bibi, na baba alimwita mama. "Ifute kwa kitambaa safi, halafu upake grisi. Nafuata oili ndani."

Kitambaa kilikuwa mbali. Pamba ilikuwa karibu, imejaa barazani. Milembe alichota konzi moja, akafuta, akapaka grisi. Baba akarudi, akafunga kila kitu na kukaza nati.

Ndipo Milembe alipotazama vidole vyake. Nyuzi za pamba zilikuwa zimenata kwenye grisi. Kama ziko vidoleni, basi na kwenye sili zipo, na oili itapenya hapohapo. Aliogopa sana. Akinyamaza, leo hakuna atakayejua. Baba alikuwa ameshainua galoni.

"Baba, usimimine kwanza. Nilifuta kwa pamba."

Baba aliweka galoni chini, akatazama jua, akaguna. "Haya. Tufungue tena."

Nyuzi tatu zilikuwa zimelala kwenye mdomo wa sili. Milembe alizitoa moja moja, akafuta kwa kipande cha khanga kuukuu iliyofuliwa. Walipomaliza, ugali ulikuwa umepoa, na bibi aliwasema wote wawili. Jioni baba alimimina oili, akaendesha lori hadi mnadani na kurudi ili kuijaribu sili.

Kesho yake Kristofa alichuchumaa, akapapasa udongo chini ya lori, akakagua kidole. Kilikuwa kikavu.

"Fundi wako nani?"

"Huyu hapa," baba alisema. "Alifuta sili kwa pamba."

"Na unamsifu?"

"Nyumba imejaa pamba, hata mimi ningekosea hivyo. Namsifu kwa kuwa alisema kabla sijamimina oili. Kosa lake lilitugharimu mchana mmoja tu. Angelificha, tungelala njiani na mzigo wako."

Kristofa alicheka, akampa baba mkono. "Kesho asubuhi tunapakia."

Kuku mweupe akatoka chini ya lori. Bibi alimkagua miguu, yote miwili ilikuwa safi.

"Sasa limekuwa ng'ombe," alisema.