Dubu wa Jicho Moja

Jumapili nyumbani kwa akina Hnatiuk ilikuwa na ratiba yake. Asubuhi kanisani, saa sita supu nyekundu ya bitiruti, kisha vyombo kuoshwa na kukaushwa. Baada ya hapo lilifuata zoezi la kuvaa: soksi mbilimbili, suruali juu ya suruali, koti, kofia, skafu na glavu. Siku hiyo baridi ilikuwa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Mama alitangulia nje kuchomoa waya wa umeme uliokuwa ukipasha moto injini ya gari tangu alfajiri.

"Lara!" aliita aliporudi mlangoni, pua nyekundu. "Dubu wako yuko tayari?"

"Yuko tayari, Mama!" Larissa alijibu kutoka chumbani.

Hakuwa tayari. Alikuwa amelala chini ya kitanda, sikio moja tu kichwani, pamba zikimning'inia tumboni kama majeruhi wa vita.

Kila Desemba, timu ya vijana ya hoki ya barafu ya mji wa Marchuk, Korongo, ilikuwa na mechi yake ya mvua ya dubu. Korongo wakifunga bao la kwanza, watazamaji hurusha dubu wa kuchezea uwanjani, na dubu hao hupelekwa kwa watoto waliolazwa hospitalini katika jiji la Saskatoon. Mwaka huu Mwalimu Thibault aliwapa wanafunzi wa darasa la sita wiki tatu ili kila mmoja ashone dubu wake kwa soksi mpya. Larissa alizimaliza wiki zile tatu kwenye bwawa lililoganda, akipiga hoki na wavulana wa jirani. Ijumaa, Mwalimu alipouliza, alisema, "Nimemaliza, Mwalimu. Nimemwacha nyumbani."

Sasa gari lilikuwa likinguruma nje, na darasa zima lingekaa pamoja uwanjani. Larissa alitazama huku na huku. Dirishani, juu ya kitanda cha mdogo wake Danko, alikaa Refa.

Refa alikuwa dubu wa kahawia aliyevalishwa jezi ya mistari meusi na meupe. Alikuwa na jicho moja. Babu ndiye aliyempa jina siku jicho la pili lilipong'oka. "Refa gani ana macho mawili?" alisema, na jina likaganda. Danko, mwenye miaka mitano, alikuwa amemketisha pale dirishani amsubiri.

"Ana wengine watatu," Larissa alijiambia. Akamtia Refa katika mfuko wa plastiki, akamsokomeza ndani ya koti.

Uwanjani kulinukia vitunguu na pirogi za kukaanga, zile kama sambusa za viazi. Darasa la sita lilikuwa limejipanga kwenye mabenchi ya mbao ubavuni mwa uwanja, pumzi zao zikifuka kama birika.

"Tuone dubu wako!" alisema Jolene Whitecalf, rafiki yake.

"Utamwona akiruka."

"Aa! Unamficha kwani ni bibi harusi?"

Larissa alicheka, lakini mkono wake ulibana koti. Mechi hii alikuwa ameingoja mwezi mzima. Wapinzani walikuwa Nyati wa Eldridge, waliowafunga Korongo mara tatu mfululizo. Wachezaji walipoingia, viatu vyao vya kuteleza vikichana barafu, mabenchi yalitetemeka kwa miguu ya watu.

"Nyati, rudini malishoni!" Jolene alipaza sauti.

Dakika ya tano refa alimtoa mchezaji wa Korongo. Mzee mmoja nyuma yao akasimama. "Refa! Nunua miwani!"

Danko, aliyekaa kati ya Mama na Larissa, alicheka hadi akakohoa. "Kama Refa wangu!"

Dakika ya kumi na moja, mchezaji namba kumi na saba wa Korongo, Tavish Oleksyn, aliunyang'anya ule mpira bapa mweusi katikati ya uwanja, akawapita wawili na kuuchapa juu ya bega la kipa. Taa nyekundu ikawaka. Uwanja mzima ukasimama, na mvua ya dubu ikaanza: wakubwa, wadogo, weupe, wa rangi ya waridi, wakipepea hewani katika mifuko yao ya plastiki. Jolene alirusha wake. Wote walirusha. Wote walimtazama Larissa. Akarusha upesi, Danko akiwa ametazama juu.

"Refa angefurahi sana kuona hivi," Danko alisema alipokaa, macho yaking'aa. "Nitamsimulia yote. Halafu Jumanne tunakwenda naye Saskatoon nikatolewe tonsili. Daktari alisema niingie na mnyama mmoja tu wa kuchezea. Nimemchagua yeye kwa sababu haogopi. Akifumba jicho lake moja, haoni sindano kabisa."

Larissa aligeuka kutazama uwanjani.

Kule chini, watu wa kujitolea walikuwa wakisukuma dubu kwa makoleo ya theluji kuelekea lango la pembeni. Rundo lilikuwa refu kuliko mtu. Larissa alisimama.

"Mama, nakwenda kusaidia kufungasha dubu."

"Sasa hivi? Na mechi je? Mwezi mzima hukutupa usingizi kwa mechi hii!"

"Najua, Mama."

Dubu walipelekwa ukumbi wa jirani, ambako wazee hucheza mchezo wao wa kusukuma mawe juu ya barafu. Msimamizi alikuwa bibi yake Jolene, Bibi Verna, mwanamke mfupi mwenye buti za kazi na kalamu nyuma ya sikio. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha lori la dubu kwenda Saskatoon kila mwaka.

"Shikamoo, Bibi Verna. Nimemtupa dubu asiye wangu kwa makosa. Naomba nimtafute."

"Marahaba. Yukoje huyo dubu?"

"Wa kahawia. Ana jezi ya mistari."

"Mzima? Mpya?"

Larissa alitazama vidole vyake. "Mzima. Karibu mpya."

"Basi yumo humu." Bibi Verna alionyesha lile rundo. "Lakini sikiliza, binti. Theluji inakuja kutoka magharibi. Mechi ikiisha, lori linaondoka, simngoji mtu. Na hapa hatutafuti kwa mikono mitupu. Kila dubu utakayemshika, mtie katika gunia."

Larissa alivua glavu akaanza. Dubu, angalia, gunia. Dubu, angalia, gunia. Aliwashika dubu wenye kofia, dubu wenye mabawa, hata mmoja aliyeimba alipobanwa tumbo. Wa kahawia walikuwa mamia. Vidole viliuma, kisha vikafa ganzi. Akavipulizia pumzi akaendelea. Nyuma ya ukuta uwanja ulinguruma, ukanyamaza, ukanguruma tena, na kila mngurumo ulimvuta shingo kama kamba. Hakutoka.

Wakati wa mapumziko ya pili Jolene alimletea chokoleti ya moto. "Mbili kwa mbili! Oleksyn amegongwa ukutani, akainuka akicheka! Wewe uko humu na wanasesere?"

"Namtafuta mmoja."

"Mmoja? Kwa hawa wote? Wewe Lara, baridi imekuingia kichwani."

"Labda. Nisogezee hilo gunia."

Jolene alimtazama usoni, akaacha utani. Akalisogeza gunia, akamsaidia mpaka kengele ya kipindi cha tatu, cha mwisho, ilipolia, kisha akakimbia.

Rundo lilipungua hadi kiunoni, hadi gotini. Dubu wa mwisho alikuwa mweupe mwenye utepe. Refa hakuwemo. Kipaza sauti kikatangaza kupitia ukuta: dakika tano zimebaki. Nje, injini ya lori ilikuwa imeshawashwa.

Larissa alisimama kwenye sakafu tupu. Angeweza kwenda nyumbani na kusema Refa amepotea. Danko angeamini; Danko huamini kila kitu. Jumanne angeingia chumba cha upasuaji mikono mitupu, akiamini. Wazo hilo ndilo lililomsukuma hadi mbele ya Bibi Verna.

"Bibi, sikukwambia yote. Huyo dubu si mpya. Ni mzee, amechakaa na ana jicho moja. Sikumtupa kwa makosa. Nilimwiba kwa mdogo wangu, anayekwenda naye hospitali Saskatoon Jumanne, kwa sababu wangu sikumshona, na nilimdanganya Mwalimu na Mama kwamba nimemshona."

Bibi Verna alishusha kalamu. "Jicho moja?"

"Ndiyo."

"Ee binti wewe! Mbona hukusema saa ile? Dubu aliyechakaa hafiki hata kwenye rundo hili. Hospitali haiwapi watoto kilichotumiwa na mtu mwingine. Watoto wale miili yao ni dhaifu. Hao tunawatoa pale pale langoni. Orville huwachukua."

"Huwapeleka wapi?"

"Muulize mwenyewe. Kimbia!"

Mzee Orville, fundi wa mashine ya kulainisha barafu, alikuwa chumbani mwake ameketi juu ya ndoo, akila pirogi na kusikiliza mechi redioni.

"Babu Orville! Dubu wabovu wako wapi?"

"Wabovu? Hapa hakuna mbovu. Wote wako kazini." Akaelekeza uma wake kwenye mlango mkubwa wa nje. Chini ya mlango, penye upenyo wa kuingiza upepo, dubu kumi hivi walikuwa wamesokomezwa kwa safu. "Yule wa mistari ndiye hodari kuliko wote. Amekaa penye tundu kubwa."

Larissa alipiga magoti akavuta. Refa alitoka na umande ulioganda puani, jicho lake moja likimtazama. Upepo nao ukaingia ukipiga mluzi.

"Hee! Na tundu langu je?" Orville alilalamika. "Unataka nife kabla theluji haijayeyuka?"

Larissa alifungua skafu yake shingoni, akaizungusha ikawa kama nyoka mnene, akalisindilia tundu mpaka mluzi ukakoma. Wakati huohuo redio na ukuta vililipuka kwa pamoja. Mechi ilikuwa imeisha, na hakujua nani ameshinda.

Bibi Verna alikuwa akipanda lori alipomwona akija mbio, Refa kifuani. Akashusha kioo.

"Umempata. Vizuri. Sasa nisikilize, maana sina muda wa kusema mara mbili. Uliponijia mara ya kwanza ulileta ukweli nusu. Ukweli nusu ni barafu ya Novemba. Ukiitazama, unaona itakubeba. Ukifika katikati ya ziwa, inakuacha. Imekula mechi yako nzima, na ingemla na huyo mwenye jicho moja. Mara ya pili ulisema wote, na katika dakika tano ukampata. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Bibi."

"Jumanne nitakuwa bado Saskatoon, hospitalini. Niandike nini kwenye orodha yangu: dubu wako wa soksi anakuja, au haji?"

"Nitamleta mwenyewe. Akiwa mzima."

Mama na Danko walikuwa garini. Larissa hakungoja kuulizwa. Alisema yote, tangu Ijumaa darasani mpaka tundu la Orville. Danko alimchukua Refa akamshika pua.

"Ana baridi," alisema. Kisha midomo ikaanza kutetemeka. "Ulimtupa?"

"Nilimtupa. Nisamehe."

Danko alifikiri, machozi yakiwa njiani. "Aliruka mbali?"

"Mbali sana."

"Kuliko wa Jolene?"

"Kuliko wa Jolene."

Machozi yaligairi. "Basi usimtupe tena bila kumwuliza."

Mama hakucheka. "Kesho hakuna bwawa," alisema akigeuza gari. "Asubuhi utamwambia Mwalimu Thibault. Jioni ni sindano na uzi."

Njiani, Danko alimketisha Refa pajani akamsimulia mechi yote kama alivyoahidi: bao la pili, ngumi mbili, kofia ya kipa iliyoruka, na jinsi Oleksyn alivyofunga la tatu zikiwa zimebaki sekunde arobaini. Larissa alisikiliza shingo wazi, akitetemeka, asipitwe na neno. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba Korongo wameshinda.

Jumanne, Danko alisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, Refa amelala kwapani, jicho juu. Larissa alibaki kwenye korido na Bibi Verna, akamkabidhi muuguzi dubu wa soksi za bluu. Muuguzi alimgeuzageuza, akavuta mishono, akatabasamu.

"Amekazwa vizuri. Nani kamshona?"

"Mimi."

"Peke yako? Huyu wote?"

Larissa alimtazama Bibi Verna, kisha muuguzi. "Wote. Hata hilo sikio lililokaa upande."