Wimbo wa Winnie

Haya yalimkuta rafiki yangu Firdausi, wa Kasulu mjini, na mpaka leo hacheki tukiyataja.

Mumewe Khamisi alinunua huko Kibondo gemu ya mkononi iliyotumika, ambayo fundi alishaichakachua ili ipige na muziki. Alasiri moja akamwachia mkewe kazi ya kuhamishia nyimbo kutoka kwenye kompyuta. Firdausi alipochomeka waya, akakuta ndani ya gemu wimbo mmoja tayari, umeandikwa "Winnie". Akaufungua. Mwanamke alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, kisha akaita, "Khamisi wangu."

Wivu ukampanda. Akampigia mumewe dukani.

"Winnie ni nani?"

"Simjui, mke wangu. Wallahi simjui."

Firdausi akaufuta ule wimbo kwa hasira. Mara mvua ikashuka juu ya bati, umeme ukakatika, nyumba ikawa giza. Gemu ikaanza kuimba mkononi mwake. Akaizima, ikaendelea. Akachomoa betri, ikanyamaza.

Firdausi akashusha pumzi. Ndipo sauti ile ile ikaanza kuimba chumbani kwao, na kitanda kikalia upande anaolala yeye, taratibu, kama kinavyolia mtu anapojilaza.