Siku Ukumbi Mzima Ulipoona Wivu

Watu elfu mbili walianza kutabasamu kwa pamoja. Tusajigwe Mwakalinga alikuwa amegusa noti nne tu za piano, na tayari ukumbi mkubwa wa Mwanza ulikuwa umejaa furaha. Si furaha ya kusikia muziki mzuri. Ilikuwa furaha yake yeye, ile iliyokuwa kifuani mwake wakati huohuo. Kwenye paji la uso alivaa kisambaza-hisia, utepe mwembamba wa rangi ya fedha uliosoma mishipa ya ubongo. Kila kiti ukumbini kilikuwa na kibati kilichogusa kisogo cha msikilizaji na kumpelekea alichokihisi mpigaji.

Kokugonza Rutashobya alikaa kiti cha pembeni, akitabasamu kama wengine, na akiuchukia mdomo wake kwa kutabasamu. Masikio yake yalikuwa yameshahesabu makosa matatu. Matatu! Yeye alikuwa hajakosea noti mbele za watu kwa miaka kumi na tisa. Alishapiga Kairo, Viena, hata kwenye kituo cha angani, ambako piano ilifungwa mikanda isielee. Lakini tangu kisambaza-hisia kianze kutumika, aliyetajwa kila mahali alikuwa Tusa. Tusa huyohuyo aliyesoma naye chuo cha muziki, rafiki yake wa siku zote.

Zamu ya Koku iliwekwa mwezi uliofuata. Kwanza akaenda kumwona Shekiondo, mhandisi wa chombo kile.

"Hakiwezi kuzimwa?"

"Kikizimwa, mama, watu watalalamika. Siku hizi hawaji kusikia tu."

"Basi kichuje. Kipeleke hisia ninayoitaka."

Shekiondo akatikisa kichwa. "Hakichagui. Kinachukua ile iliyo kali kuliko zote."

Koku akajiandaa. Kwa wiki tatu alijizoeza kumkumbuka marehemu baba yake kila alipoketi kwenye piano, mpaka machozi yakawa yanakuja kwa wakati wake. Alasiri ya onyesho alipanda jukwaani akiwa ametulia. Akainama kusalimia, na hapo akamwona Tusa safu ya tatu, anampungia mkono.

Baba akatoweka.

Vidole havikukosea. Vilikimbia safi, kila noti mahali pake. Lakini huko chini mwanamke mmoja aliuchomoa mkono wake kiganjani mwa mumewe, akamkazia macho bila kujua kwa nini. Ndugu wawili wenye mvi wakaanza kushutumiana: "Mama alikupenda wewe tu!" Mtu wa nyuma akasimama akitaka kujua kwa nini wenzake wamepewa viti vya mbele. Koku aliona, akaelewa, akaendelea kupiga, maana kuacha katikati hakujua kunafanywaje. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Walitoka wakisukumana.

Tusa alimfuata chumba cha nyuma ya jukwaa. Hakuketi.

"Koku, limenipata jambo la ajabu. Nilikaa pale nikimwonea wivu Tusajigwe. Mimi mwenyewe! Kucheka kwangu, kupiga kwangu, hata gauni hili. Mtu anawezaje kujionea wivu?"

Koku akayakwepa macho yake.

"Tangu lini?" Tusa aliuliza.

"Chuoni. Mtihani wa mwisho."

"Si wewe uliyekuwa wa kwanza?"

"Nilikuwa wa kwanza. Ila ulipopiga wewe, mwalimu alilia. Kwangu aliandika alama tu."

"Miaka ishirini na minne," Tusa alisema polepole. "Umenilelea watoto, Koku. Nilipougua ulilala nami hospitali. Kumbe ulikuwa unanichukia?"

"Hata siku moja. Nilikupenda, na nilikuonea wivu. Huo wivu niliuweka mbali nawe. Ndiyo kazi niliyoifanya miaka yote hiyo."

"Leo mimi nimeupata huo peke yake."

Mlango ukafunguliwa. Shekiondo aliingia akiwa ametoa meno yote nje. "Mama! Mshale wa kipimo cha hisia haujawahi kupanda namna hii! Watu wamegombana hadi barabarani, na nusu yao wameshaomba tiketi za Jumamosi. Wanasema hawajawahi kuguswa hivi. Meneja anaomba jambo moja tu: dada Tusajigwe akae palepale."

Tusa alimtazama rafiki yake, akingoja. Na kwa kitambo kidogo, ambacho baadaye alikionea aibu, Koku aliliona jina lake peke yake kwenye mabango ya mji mzima. Tusa akakisoma kitambo hicho usoni mwake, bila utepe wala kibati. Akatoka.

"Tafuta mtu mwingine," Koku alimwambia mhandisi.

"Wa kukaa safu ya tatu?"

"Wa kupiga."

Akauvua utepe, akakimbia. Alimfikia Tusa chini ya ngazi. Tusa alisimama, lakini hakugeuka. Koku akabaki amesimama nyuma yake, anahema. Alikuwa na maneno tu, na maneno hakuwahi kuyafanyia mazoezi.