Pumzi Juu ya Almasi

"Ombi la Kuthaminishwa kwa Pambo Moja la Marehemu (nakala tatu, wino mweusi)." Ndivyo ilivyojiita fomu aliyoiweka mezani mwanamke yule, jua likiwa limeanza kuzama na Fundi Jicho amekwisha teremsha nusu ya mlango wa chuma wa duka lake.

Fundi Jicho alikuwa mthamini wa vito. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu ya lenzi aliyoibana jichoni mchana kutwa, ungedhani amezaliwa nayo. Miaka thelathini alikuwa akiigongea mihuri fomu hiyo, na miaka thelathini alikuwa akilicheka swali la tisa: "Taja saa pambo lilipotoka mwilini na saa marehemu alipofariki." Kilichotoka kabla kilikuwa zawadi. Kilichotoka baadaye, mirathi. Na zawadi na mirathi zilikuwa na madawati mawili katika ofisi moja, madawati yasiyosalimiana.

Mwanamke alikuwa ameliruka swali la tisa.

"Pete ya mama," alisema. "Tumemzika juzi. Kaka yangu anataka thamani yake kesho asubuhi, la sivyo ataitafuta pete mwenyewe, hata chini ya mto wangu."

Alifungua kichupa cha vidonge, akaimimina pete mezani. Hakuigusa.

"Niambie ni kioo, mzee wangu."

Fundi Jicho alimtazama vizuri. Watu waliingia pale wakimwomba Mungu almasi, hata wale waliobeba vipande vya chupa. Wa kuomba kioo alikuwa hajamwona.

"Kikiwa kioo utapata nini?"

"Usingizi."

Akaiinua kwa kikoleo. Dhahabu ilikuwa imelika upande mmoja, kama zinavyolika pete zilizofua nguo na kuosha vyombo miaka hamsini. Jiwe lilikuwa la zamani, limechongwa kwa mkono, na kitako chake kimekatwa bapa, hivyo ukichungulia kutoka juu unaona katikati kitundu cheusi, kama mboni. Chini ya vijino vya dhahabu palikuwa na sabuni iliyokauka. Na ndani ya sabuni, uzi mwembamba wa damu.

Sabuni hakuishangaa. Vidole vya wagonjwa huvimba, na watu hufanya wawezavyo. Lakini mfu hatoki damu.

Akaishusha pete mezani.

"Kipimo cha kwanza ni cha bure," alisema. "Kioo ukikipulizia kinashika mvuke. Almasi haishiki. Inajifuta hapo hapo."

Akapuliza. Hhh...

Mvuke ulitanda, ukatoweka kabla hajafumba mdomo.

"Pole, binti. Ni almasi."

Machozi yalimtoka mwanamke kimya kimya, kama mtu aliyesomewa hukumu anayoijua. Fundi akachukua kalamu aandike.

Aliporudisha macho, jiwe lilikuwa jeupe.

"Umepuliza?"

"Mimi? Niko huku!"

Kati yao palikuwa na meza nzima. Mvuke ukafifia. Fundi alizima feni. Akafunga dirisha. Akaifunika pete kwa bilauri kavu, akarudi nyuma hatua mbili.

Kimya.

Chini ya bilauri, jiwe likawa jeupe. Likasafika. Likakaa... likakaa...

Likawa jeupe tena.

Harufu ya sabuni ya kuogea ilijaa dukani, na nyuma yake harufu ya chumba cha mgonjwa, mashuka yaliyolaliwa mno na dawa ya kuchua.

"Basi ni kioo," mwanamke alinong'ona. "Si umesema kioo ndicho kinachoshika mvuke?"

"Kioo hushika pumzi ya aliyepuliza. Hapa hajapuliza mtu."

Sasa ilisikika pia. Nyembamba, inakwaruza. Hhh... Kisha kimya kirefu, kirefu mno, mpaka unagundua na wewe umebana pumzi ukiisubiri.

Hhh...

"Ndivyo alivyokuwa akihema siku ile," mwanamke alisema. "Nilikuwa sebuleni namsikia. Nikafungulia redio."

Fundi Jicho, aliyekuwa na mzaha kwa kila karatasi ya serikali, hakuwa na mzaha hata mmoja. Aliisogeza fomu, akaweka kidole kwenye swali la tisa.

"Kaka alikuwa njiani," mwanamke alisema. "Siku zote anasema ile pete ni ya mke wake. Nikadhani mama ameshakwenda. Hapana... sikudhani. Aliniangalia, mzee wangu. Mimi navuta, yeye ananiangalia."

Hhh...

Nafasi kati ya pumzi na pumzi ilikuwa ikirefuka. Aliyewahi kukaa na mtu anayeondoka anaujua urefu huo, na Fundi aliwahi.

"Zimebaki chache," alisema. "Nenda au kaa. Lakini amua sasa."

Mwanamke aliutazama mlango ulioteremshwa nusu na miguu ya watu wakipita nje. Kisha akaiondoa bilauri. Akaichukua pete kwa mkono mtupu, akaifumba katikati ya viganja viwili, kama anayepasha moto kifaranga.

"Nipo, mama. Sitoki. Nipo hapa."

Hhh...

Wakasubiri. Nje mtu alicheka, pikipiki ikapita.

Hhh.

Wakasubiri. Giza likaingia, na hakuna aliyewasha taa.

Haikuja nyingine.

Alipofumbua viganja, jiwe lilikuwa safi. Fundi Jicho alilipulizia, kwa mazoea tu ya kazi. Halikushika chochote, hata ule mvuke wa kufumba na kufumbua. Akapuliza tena. Hakuna. Kana kwamba pumzi yake ilichukuliwa njiani.

Tangu jioni ile lenzi yake hushika mvuke kati ya vioo vyake viwili, mahali pumzi ya mtu haifiki. Ameshanunua nyingine mara mbili. Nazo ni vivyo hivyo.

Pete alikabidhiwa kaka, ambaye hakuuliza kitu, na mke wake anaivaa. Fomu ilirudishwa mara mbili, kwa kuwa jibu la swali la tisa halikuwa la dawati la zawadi, maana hakuna aliyeitoa, wala la dawati la mirathi. Mwanamke alikataa kulibadilisha. Lilisomeka hivi, kwa wino mweusi, nakala zote tatu:

"Pete niliivua saa nane na robo mchana. Mama alifariki saa kumi kasoro dakika tano. Muda wote huo alikuwa peke yake. Mlango niliufunga mimi."