Koti la Marehemu Basili

Kivuli cha mlima kilikuwa kimeshafunika kijiji chote cha Mogitu Kornelia alipowasha taa ya sola, akalivuta lile koti jeusi kwa hasira.

Lilikuwa koti la Basili, marehemu mumewe. Alimshonea mwenyewe, kwa cherehani hii hii. Sasa Evarist, mdogo wa marehemu, aliyenyakua shamba, ng'ombe na koti lenyewe hata matanga hayajaisha, alikuwa amelileta asubuhi bila haya. Bado nyumba tu hajaichukua.

"Shemeji, nipunguzie mabega, nilivae kanisani. Ufumue mwenyewe, usimpe mtu."

Mtu mzima hovyo! Kornelia alikubali kwa sababu moja: hakutaka mikono mingine ilishike koti la mume wake.

Akageuza bitana. Wembe ukateleza. Uzi wa begani ulikuwa mgumu ajabu. Basi akafanya kama wafanyavyo mafundi wote: akainama, akaukata kwa meno.

Ulikuwa na chumvi...

Akautemea kiganjani. Uzi mwekundu. Yeye hakuutumia uzi mwekundu kwenye koti lile hata siku moja. Akaingiza vidole kutafuta sponji la bega. Vikagusa kitu laini, chenye uvuguvugu.

Nywele.

Fundo la nywele zenye mvi za Basili, limeviringishwa kwa ngozi mbichi, linanuka kama zizi lililofungwa masika nzima.

Kabla ya kufa, Basili alikuwa na lalamiko moja tu kwa mkewe: "Mama Brightness, kuna mtu amenikalia mabegani." Hospitali hawakuona kitu. Akafa mgongo umepinda. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye Kornelia ndiye aliyekuwa akimfunga vifungo kila Jumapili! Hasira ikampanda.

Mlango ukalia... kwiii.

Evarist. Alisimama kizingitini, hakuingia.

"Umefumua, shemeji?" alinong'ona.

"Uzi mgumu. Hebu njoo unishikie hapa."

Evarist akaficha mikono mgongoni, akarudi nyuma.

"Umeukata kwa meno?"

Kornelia akaganda. Chumvi ilikuwa bado ulimini. Ndipo akaelewa kwa nini koti halikupelekwa kwa mafundi wa mjini Katesh. Kilichommaliza Basili kilikuwa kinatafutiwa mgongo mwingine, na akifa yeye Kornelia, nyumba inabaki bila mtetezi.

"Ulimuua kaka yako, Evarist. Kwa sababu ya shamba!"

"Hayo ni maneno yako," akanong'ona, akitabasamu.

Kisha kitu kikamkalia.

Kwanza bega la kushoto. Halafu la kulia. Kizito. Kina joto. Kinapumua...

Mwingine angepiga yowe, lakini Kornelia alikuwa na hasira kuliko woga. Akashika meza, akainuka nacho, akatoka nje.

"Twende," akakiambia. "Mwenye kukutuma ni yule pale."

Tabasamu la Evarist likakauka. Hakuwa akimtazama Kornelia usoni. Alitazama juu ya mabega yake, mdomo wazi, akirudi kinyumenyume. Mara akageuka, akatimua mbio kuelekea mashambani.

Karibu na sikio la Kornelia, kitu kikacheka polepole.

"Kaza mwendo, Mama Brightness... anatutoroka."

Sauti ilikuwa ya Basili. Harufu haikuwa yake.

Kornelia akakaza mwendo hivyo hivyo.